Bunduki nyepesi ya kuwindia: wapi pa kupunguza uzito na wapi pa kuuacha

Swali: "Fundi, habari za kazi. Nina miaka 54 na nimewinda kwa bunduki moja ya kaliba .30-06 kwa miaka 19. Bunduki yenyewe haina kasoro, shida ni kuibeba. Nimeipima pamoja na darubini yake ya kioo cha milimita 56, mkanda wa ngozi na risasi nne ndani, ikafika kilo 4.7. Ninakowinda ni milima mitupu, natembea kutwa, na siku hizi nikifika juu mikono inatetemeka. Nimeona bunduki ya boliti (ile ya kuvuta kufuli ya chuma kwa mkono kila risasi) yenye mtutu wa kaboni, kilo 2.3 tupu, kaliba .300 Winchester Magnum, kwa sababu naambiwa milimani mtu anapiga mbali. Wanyama ninaowawinda ni wa kilo 40 hadi 150, na sijawahi kupiga zaidi ya mita 250. Niichukue?"

Ndugu yangu, hiyo usiichukue. Bunduki nyepesi unaihitaji kweli, na sababu umezitaja mwenyewe, lakini kilo 2.3 na .300 Winchester Magnum havikai nyumba moja. Wa kwanza kuumia ni bega lako. Wa pili ni mnyama utakayemjeruhi, akapotelea kwenye korongo ambalo huwezi kulishuka.

Nianze na mizani, maana umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeipima bunduki ikiwa kamili. Uzito unaoandikwa na watengenezaji ni wa bunduki tupu. Haina darubini, haina pete za kuishikia, haina mkanda wala risasi. Ile unayopanda nayo mlimani ni nyingine. Sasa nenda hatua moja zaidi: vua kila kitu, kisha ukipime kimoja kimoja. Darubini ya milimita 56 mara nyingi ina gramu 700 hadi 800. Pete za chuma na vikalio vyake huweza kufika gramu 250. Mkanda mpana wa ngozi nao ni kama gramu 250, na risasi nne za .30-06 ni gramu 108 hivi. Ukijumlisha utaona kuwa bunduki yenyewe ni kama kilo 3.4, na kilo 1.3 hivi ni vitu vilivyopachikwa juu yake.

Darubini ya kukuza mara 2.5 hadi 8 yenye kioo cha milimita 36, au ile ya kawaida ya mara 3 hadi 9 yenye kioo cha milimita 40, ina gramu kati ya 320 na 380. Pete za alumini ni gramu 90, mkanda wa nailoni 100. Tayari umepunguza karibu gramu 700 na bunduki ni ileile. Kwangu mimi hizo ndizo gramu za kwanza kuondolewa, kwa sababu zinakaa juu: ndizo zinazoifanya bunduki ipinduke begani ukitembea na ilalie upande mmoja ukiilenga umesimama. Kioo kikubwa kina kazi yake kwa mtu anayeotea kwenye kibanda wakati giza linaingia. Kwa mita 250 za mchana, kioo cha 36 kinakuonyesha kila unachohitaji kukiona. Tena kinakubali kufungwa chini, karibu kabisa na mtutu, na shavu likapata pa kutulia badala ya kuning'inia hewani.

Kama kwa mabadiliko hayo ukipanda unajisikia vizuri, hela ya bunduki mpya iache. Lakini kilo 4.0 kwa kutwa nzima ya mlima bado ni mzigo, na sitakuambia uvumilie. Mwenye mikono inayotetemeka hapigi vizuri hata akiwa na bunduki iliyotulia kama jiwe. Ninachotaka ulenge ni kilo 3.2 hadi 3.4, na hesabu hiyo ni ya bunduki iliyokamilika, yenye risasi ndani. Maana yake ni bunduki tupu ya kilo 2.6 hadi 2.8. Utakuwa umepunguza kilo moja na zaidi ya robo kutoka kwenye ile unayobeba leo.

Utaniuliza, kama kilo moja na robo ni nzuri, kwa nini isiwe mbili?

Kwa sababu ya teke. Teke la bunduki linahesabika. Risasi na gesi ya baruti vinapotoka mbele kwa msukumo fulani, bunduki inapata msukumo uleule kurudi nyuma. Msukumo huo haubadiliki sana ukibadilisha mtutu au kitako (mwili wote wa mbao au plastiki unaoushikilia mtutu, mbele hadi begani), unatoka kwenye risasi yenyewe. Kinachobadilika ni jinsi bunduki inavyoupokea: bunduki ikiwa na nusu ya uzito, nishati ya teke inakuwa mara mbili. Nimekupigia hesabu kwa risasi za kawaida za dukani. Hiyo .30-06 yako, ikirusha risasi ya gramu 11.7 kutoka kwenye kilo 4.7, inakupa teke la kama juli 23 (juli ni kipimo cha nishati), na bunduki inarudi begani kwa kasi ya mita 3 hivi kwa sekunde. Hiyo .300 Winchester Magnum uliyoiona, ikishafungwa darubini nyepesi na kutiwa risasi, itafika kilo 2.9 au 3.0. Teke lake ni kama juli 54, na inarudi kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Nguvu ni zaidi ya mara mbili ya uliyoizoea kwa miaka 19, na kasi nayo ni karibu mara mbili. Hiyo kasi ndiyo inayowashinda watu. Teke zito linalokuja polepole linasukuma, lakini teke la kasi linapiga kama ngumi. Tena darubini inarudi kwa kasi hiyohiyo kuelekea kwenye nyusi zako, na ukipiga kwa kuelekea juu ya mteremko, kichwa kinakuwa karibu zaidi na kioo kuliko ulivyozoea uwanjani.

Sasa tazama upande wa pili. Chukua bunduki ya kilo 3.3 kamili, kaliba 7mm-08 Remington, risasi ya gramu 9. Teke lake ni kama juli 22. Yaani umeshusha kilo 1.4 mgongoni na bega lako halikutambua. Ikiwa .308 Winchester, ni juli 24 au 25. Ikiwa 6.5 Creedmoor, ni 19. Ikiwa .243 Winchester, ni 15. Ninaposema kaliba na uzito vichaguliwe pamoja, ndiyo hesabu ninayoizungumzia, na ningefurahi kila muuza bunduki angeifanya mbele ya mteja kabla ya kupokea hela.

Kuna jambo ninalolifanya na kila anayeniletea bunduki nyepesi akilalamika kuwa haipigi. Namwomba ageuke asione, nachanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti kati ya risasi halisi, nazitia kwenye magazini, kisha namwambia apige tano. Mimi siangalii shabaha, naangalia mdomo wa mtutu. Risasi ya kwanza inalia, ya pili inalia, ya tatu ni ile tupu: triga inasema "tik," na mtutu unazama chini sentimita nzima, bega linasukuma mbele, jicho linafumbwa. Mwenyewe anaona aibu, na sioni sababu ya aibu, mwili unajilinda tu. Lakini ndivyo anavyopiga kila mara, na mlio wa risasi halisi ulikuwa ukimficha asijue. Mtu akishaingiwa na woga huo, kuutoa kunachukua miezi. Kukwepa kuupata ni kuchagua kaliba ya kiasi tangu mwanzo.

Tuje kwenye hofu yako ya umbali, maana ndiyo iliyokupeleka kwenye magnum, yaani risasi yenye baruti nyingi kuliko za kawaida. Ukiiseti 7mm-08 ipige katikati kwenye mita 200, kwenye mita 300 risasi itakuwa imeshuka sentimita 20 na kidogo. .300 Winchester Magnum ikisetiwa vivyo hivyo inashuka pungufu ya hapo kwa sentimita chache tu. Kwenye mita 250, ambazo ndizo mwisho wako, tofauti ni ndogo kuliko upana wa vidole viwili. Eneo la moyo na mapafu ya mnyama wa ukubwa wa swala wa wastani ni kama sentimita 20. Tofauti ya vidole viwili haimwokoi wala haimwangushi. Kinachomwangusha ni risasi kupita palepale ulipokusudia.

Mifano ya zamani inakubaliana na hili. Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, aliangusha mamia ya tembo kwa .275 Rigby, ambayo ni 7x57 Mauser ya mwaka 1892 kwa jina la duka la London. Alikuwa akitembea mno, kwa hiyo alipenda bunduki nyepesi, na alilisoma fuvu la tembo mpaka akajua ubongo uko wapi kwa kila upande atakaosimama. Simtaji ili umwige, maana tembo si mnyama wa kaliba hiyo na leo sheria za nchi nyingi zinadai .375 kwenda juu kwa wanyama wa hatari. Namtaja kwa sababu 7mm-08 ina nguvu karibu sawa na hiyo 7x57, na wewe unawinda wanyama wa kilo 150 kushuka chini.

Kwa hiyo kwangu mimi ni 7mm-08 au .308. 6.5 Creedmoor ni nzuri pia, teke lake ni dogo na risasi yake ndefu haipeperushwi sana na upepo. Ningeitaja ya kwanza kama wanyama wako wasingefika kilo 150. Kwa uzito huo napenda risasi pana kidogo, ingawa wengi wanaopiga vizuri kwa 6.5 watanipinga na hawatakuwa wamekosea. .243 iache kwa swala wadogo. Kaliba yoyote utakayochukua, nunua risasi zilizoundwa zisisambaratike mapema, zile za shaba tupu au zile ambazo madini ya risasi ya ndani yameunganishwa na ganda lake la shaba. Na kabla ya kulipa, hakikisha leseni yako inaruhusu kaliba hiyo kwa wanyama unaowawinda.

Kaliba hizo zote zina faida nyingine: ni fupi. Zinaingia kwenye risiva fupi (risiva ni sehemu ya chuma nyuma ya mtutu inayobeba boliti), ambayo huokoa kama gramu 100 kuliko ile ya .30-06, na mkono wa boliti unasafiri umbali mdogo zaidi. Baadhi ya watengenezaji, kama Tikka wa Ufini, hutumia risiva ya urefu mmoja kwa kaliba zote, na bado T3x Lite yao ni karibu kilo 2.9 tupu. Ni nzito kidogo kuliko nilivyokuambia, lakini ninaiheshimu, kwa sababu mtutu wake hupiga vizuri na boliti yake huinuka kwa nyuzi 70 tu, kwa hiyo vidole havigongi darubini. Winchester walipotoa Model 70 Featherweight mwaka 1952, wakiwa na kaliba mpya ya .308, walipunguza uzito kwa mtutu mwembamba na alumini chini ya magazini, wakafika kama kilo 3. Upande mwingine kabisa kuna Kimber Mountain Ascent, ambayo kwa kaliba fupi haifiki hata kilo 2.3. Hizo tatu zikupe picha ya uwanja ulivyo. Mimi nakuweka kati ya ya pili na ya tatu.

Mtutu. Hapa watu wengi wanapotea, na tangazo la mtutu wa kaboni limekupotosha nawe. Mtutu wa kaboni ni mtutu wa chuma uliochongwa mwembamba, kisha ukazungushiwa nyuzi za kaboni mpaka ukawa mnene tena. Ni mwepesi kuliko mtutu wa chuma wa unene uleule, hilo ni kweli. Lakini mtutu wa chuma mwembamba tangu mwanzo, wa kuwindia, mara nyingi ni mwepesi sawa na huo au kuushinda, na bei yake ni ndogo sana. Kaboni inamfaa mtu anayepiga risasi nyingi mfululizo na anataka ugumu bila uzito. Wewe mlimani unapiga moja, labda mbili. Chukua chuma chembamba, cha sentimita 56. Ukipata cha 51 pia sawa: kila sentimita mbili na nusu zinazokatwa kwenye .308 au 7mm-08 zinakunyima kama mita 6 hadi 10 kwa sekunde, na mnyama wa mita 250 hatazihisi.

Ila mtutu mwembamba una tabia yake, na ni lazima uijue kabla hujaulaumu. Unapata moto haraka. Ukipiga tano mfululizo, ya nne na ya tano zinaanza kuhama, mara nyingi kupanda juu au kwenda upande mmoja. Bunduki haijaharibika. Piga tatu, fungua boliti, iache kivulini mpaka uweze kuushika mtutu kwa kiganja bila kuhisi joto, ndipo uendelee. Bunduki nyepesi inayoweka matundu matatu ndani ya sentimita 4 kwenye mita 100, ikiwa baridi, ni bunduki nzuri ya kuwindia. Usiende kutafuta sentimita moja na nusu ili uwaonyeshe watu karatasi. Sentimita 4 kwenye mita 100 ni kama 10 kwenye mita 250, nusu ya eneo ulilonalo.

Kitako nacho kinadanganya. Kwa kuwa chuma kimeshachongwa mpaka mwisho, watengenezaji wengi wanapunguza uzito uliobaki kwenye kitako, na kile cha plastiki ya bei nafuu kinakuwa chepesi kwa kuwa laini. Kuna kijana aliniletea bunduki ya kilo 2.7, mpya, akisema inatawanya risasi sentimita 12 kwenye mita 100, anataka kuirudisha. Nilichukua noti ya karatasi, nikaikunja mara moja, nikaipitisha kati ya mtutu na kitako kuanzia mbele. Ilipita vizuri mpaka karibu na risiva. Kisha nikamwambia aiegemeze bunduki juu ya miguu miwili ya kuegemea iliyofungwa mbele yake, kama anavyopiga, na akaze mkanda. Noti ikakwama palepale, upande wa kushoto, sentimita chache kutoka mbele: plastiki ilikuwa inapinda na kuugusa mtutu. Kila alipoiegemeza tofauti, mtutu uliguswa tofauti. Tulikwangua kidogo kwa msasa uliozungushiwa kipande cha bomba, tukazifunga upya skrubu mbili za risiva kwa nguvu ileile kila moja, na ikarudi kwenye sentimita 4 na kidogo. Hiyo noti ifanye dukani, kabla ya kununua. Bana kwa vidole ncha ya mbele ya kitako na mtutu pamoja: kikisogea kirahisi mpaka kuugusa mtutu, kirudishe kwenye rafu.

Kitako cha nyuzi za kaboni au cha kioo-nyuzi kilichotengenezwa vizuri ni kigumu na chepesi kwa pamoja, na kama kuna mahali pa kuongeza hela, ni hapo. Melvin Forbes wa West Virginia alilithibitisha hilo miaka ya 1980. Alitengeneza risiva yenye gramu 567 tu, akaiweka kwenye kitako cha kevla na grafaiti kilicho kigumu kiasi kwamba hakuuacha mtutu uelee, yaani ukae bila kuguswa na kitako. Aliulaza ukashikwa na kitako kwa urefu wake wote. Bunduki zake za kilo 2.3 hivi zilipiga vizuri kuliko nyingi nzito. Wengi husema mtutu lazima uelee, lakini lililo muhimu ni uguswe vilevile kila mara, au usiguswe kabisa.

Ukiwa na bunduki mkononi, mdomo ukiwa upande salama na chemba (mahali risasi inapokaa tayari kupigwa) umeikagua mwenyewe kwa macho na kwa kidole, fumba macho, inue mpaka begani kama vile mnyama ametokea, kisha fumbua. Jicho likutane na picha kamili ya darubini bila kusogeza shingo. Usipoiona, kitako si chako, hata kama mizani imekufurahisha. Fanya hivyo ukiwa na koti unalowindia, kwa sababu koti nene linaongeza urefu wa kitako. Mpira wa nyuma uwe laini na mpana. Mgongo wa kitako ulionyooka ni bora kuliko ulioshuka, unaipeleka bunduki moja kwa moja nyuma badala ya kuirusha shavuni. Kisha ilaze juu ya kidole chini ya skrubu ya mbele ya risiva. Ikilala sawa, au ikazama kidogo mbele, ni njema. Ikianguka upande wa kitako, itakuyumba mkononi ukisimama, kwa sababu mtutu mwepesi mno hauna kinachoutuliza.

Kuyumba huko ndiyo bei nyingine ya wepesi. Bunduki nzito inachelewa kuanza kusogea. Nyepesi inafuata kila pumzi na kila pigo la moyo. Ukiwa umetoka kupanda, utauona msalaba wa darubini ukirukaruka juu ya bega la mnyama kama kipepeo. Dawa ni mbili. Ya kwanza ni triga. Kama bunduki ina kilo 3.3 na triga inadai kilo 2.5, kidole kitaisogeza bunduki kabla risasi haijatoka. Iwe kati ya kilo 1.0 na 1.4, ikatike safi kama kijiti cha glasi, na ipimwe kwa mizani ya triga na fundi, isirekebishwe nyumbani kwa bisibisi. Ya pili ni kitu cha kuegemea. Beba fimbo za kulengea za kaboni, ni nyepesi na zinakusaidia kupanda. Au weka begi chini, ulale, upige bunduki ikiwa imeegemea juu yake.

Na bunduki nyepesi hailengwi kama nzito. Nzito unaweza kuiachia ilale juu ya mfuko wa mchanga, mkono wa kushoto ukarudi nyuma kubana kitako, ikapiga yenyewe. Nyepesi ukiiachia hivyo inaruka kabla risasi haijatoka mdomoni, na kila ruko lina njia yake. Ishike mbele kwa mkono wa kushoto, ivute imara begani, mfuko uwe chini ya kitako karibu na magazini, kamwe mtutu usilale juu ya kitu kigumu. Nguvu ya kushika iwe ileile kila mara. Mtu anayekuambia bunduki nyepesi hazipigi, mara nyingi anazipiga kwa mkono wa bunduki nzito.

Breki ya mdomo wa mtutu, kifaa chenye matundu kinachofungwa kwenye ncha, utashauriwa, hasa kwa ile magnum. Inapunguza teke kweli, lakini inageuza mlipuko kuelekea pembeni na nyuma. Mlio wa bunduki ya kuwindia unazidi desibeli 160, na sikio huanza kuharibika kwa milio ya ghafla ya kama 140. Mlimani, ukiwa na haraka, kinga za masikio hutazivaa, na mwenzako aliye kando yako hatakuwa nazo. Ukichagua kaliba niliyokuambia, hutahitaji breki. Kama sheria ya kwako inaruhusu kinyamazisho, hicho kinapunguza vyote viwili, ila kinaongeza gramu mia tatu na zaidi kwenye ncha, na hesabu yetu ya mizani inaanza upya.

Kuhusu boliti ya kucha ya Mauser inayoshika risasi tangu inapotoka kwenye magazini, na ile inayoisukuma tu kama Remington 700: kwa wanyama wako, zote zinafaa. Kinachonisumbua zaidi ni kufuli ya usalama. Napenda yenye nafasi tatu, ile ya katikati inayokuruhusu kufungua boliti na kutoa risasi huku triga ikiwa imefungwa. Wewe unapanda miamba kwa mikono na miguu, na kabla ya kila mwamba unapaswa kutoa risasi chembani. Kufuli inayokulazimisha uiweke tayari kupiga ndipo uweze kuitoa risasi, kwenye mteremko wenye vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, siipendi hata kidogo.

Kwa hiyo tafuta hivi: 7mm-08 au .308, risiva fupi, mtutu wa chuma chembamba wa sentimita 51 hadi 56, kitako kigumu, kilo 2.6 hadi 2.8 tupu, darubini isiyozidi gramu 380. Hela utakayookoa kwa kuacha mtutu wa kaboni iweke kwenye risasi za mazoezi na kwenye bunduki ya .22 ya boliti inayofanana nayo, upige nyingi kwa bei ndogo karibu bila teke. Ile .30-06 usiiuze bado. Ivue ile darubini nzito, uitumie msimu huu huku ukizoea mpya.

Ukishaipata mpya, ukamaliza kuiseti, tundika karatasi moja mita 200 na usiitoe. Nenda asubuhi kumi tofauti, piga risasi moja tu kila asubuhi, mtutu ukiwa baridi na mapigo yako yakiwa juu kidogo baada ya kutembea haraka, umekaa au umeegemea fimbo kama utakavyokuwa mlimani. Andika tarehe kando ya kila tundu. Matundu hayo kumi yatakapokaa ndani ya sahani ya sentimita 20, nenda nayo kuwinda. Kama mawili au matatu yametoka nje, niandikie, utaje yametokea upande gani, tuangalie kama ni mkono, kitako au risasi.